Jengo la somo la maji lijengwe kwa akili ya jabia, tangi la mvua la wazee wetu

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie majengo ya kupokelea wageni yanayozidi kujengwa huku Pwani kwa nia ya kufundisha watu kutunza mazingira, na hasa maji. Nimefanya kazi ya uashi kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Lamu na baadaye Mombasa, na sasa nimestaafu. Kwa hiyo nitakayoyasema ni maneno ya fundi, na wataalamu wa michoro watanisamehe pale nitakapowakanyaga vidole.

Mwezi wa Mei nilifuatana na darasa la mjukuu wangu kwenda kutazama jengo moja la aina hiyo, ambalo sitalitaja kwa kuwa sikusudii kumwaibisha mtu. Ni jengo la kupendeza, lenye kuta za kioo na kiyoyozi katika kila chumba, na juu ya sinki la kunawia mikono limebandikwa bango kubwa lenye kuwahimiza wageni wasipoteze hata tone moja. Chini ya bango hilo mfereji ulikuwa ukidondoka. Mtoto mmoja, kwa utundu tu, akatega chupa yake tupu ya nusu lita. Tuliporudi pale baada ya saa moja na nusu tukaikuta imejaa hadi shingoni. Ndani ya matatu, tukielekea nyumbani, tukapiga hesabu pamoja: nusu lita kwa saa moja na nusu ni lita 8 kwa siku, na lita 8 kwa siku ni lita 2,920 kwa mwaka, yaani mitungi 146 ya lita 20, ile ile inayosukumwa kwa mikokoteni na wachuuzi wa maji mitaani kwetu. Siku chache baadaye nilimwuliza mjukuu wangu alichojifunza katika ziara ile. Picha na mabango alikuwa ameshayasahau, lakini ile mitungi 146 aliitaja bila kusita.

Sijamaliza. Tulipokuwa tukitoka, nyuma ya jengo lilisimama lori la maji likijaza matangi kwa pampu, ilhali mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha, na maji ya paa lile pana yalikuwa yakiteremka ndani ya mabomba yaliyofichwa ukutani, yakitoka moja kwa moja hadi mtaroni na kutoka mtaroni hadi baharini. Mwalimu aliliona, nami nikaliona, tukatazamana tukanyamaza, maana tungewaeleza nini watoto?

Rai yangu ni kwamba jengo linalodai kufundisha uhifadhi wa maji halina budi kuishi kwa maji linayoyavuna lenyewe kadiri inavyowezekana, na safari nzima ya maji hayo, tangu yanapogusa paa hadi yanaporudi ardhini, ionekane na mgeni kwa macho yake bila kusomewa risala. Fundi akishaficha bomba ndani ya ukuta, somo limefichwa pamoja nalo.

Wala jambo hili hatuhitaji kulitafuta mbali. Wale waliokulia kisiwa cha Pate na visiwa vya jirani, ambako kisima kikichimbwa mara nyingi hutoa maji ya chumvi, wanalijua jabia. Kwa wasomaji wasiolijua, jabia ni tangi lililochimbwa chini, likajengewa kwa mawe na kupigwa lipu ndani, kisha likafunikwa, na kando yake pakatandazwa sakafu pana iliyoinamishwa kidogo ili mvua yote inayoiangukia itelemke hadi kwenye tundu la kuingilia. Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kuifagia sakafu hiyo mawingu yalipoanza kukusanyika. Mbuzi akionekana juu yake alifukuzwa kwa mawe, na mtu mzima aliyepita na viatu alikemewa hata kama ni mgeni mheshimiwa. Mjomba wangu alikuwa na fimbo ya mkoko aliyoichora alama kwa kisu, na kila Ijumaa baada ya sala aliitumbukiza ndani ya jabia, akaitoa, akaangalia unyevu umefika alama ya ngapi, kisha akawatangazia watu wa nyumbani ni ndoo ngapi zitachotwa wiki hiyo. Hakuna aliyebishana na fimbo. Kila mtu aliyekunywa maji yale alijua yametoka wapi, yamebaki kiasi gani, na ni nani aliyechafua njia yake.

Ndani ya nyumba za mawe za Lamu kulikuwa na birika, yaani hodhi la kuwekea maji, na birika nalo lilikuwa na hekima yake. Chini kabisa waashi walipachika sahani ya kaure, na ndani ya maji walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu; maji yalipochotwa hadi kukaribia kwisha, samaki walibaki na kijibwawa chao ndani ya ile sahani hadi birika lijazwe tena. Maji yalichotwa kwa kata ya kifuu, na kata haina mtindo wa kuachwa wazi ikimwaga maji wakati mtu anapiga mswaki. Leo wageni huonyeshwa sahani zile kama pambo la kale, na wachache huambiwa kazi yake. Hata Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, mna kisima na birika la maji ya mvua, lakini wageni wengi niliowaona huko hulipita birika wakikimbilia mizinga.

Gede ni fundisho zito zaidi. Mji ule wa mawe ulio karibu na Watamu ulihamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa na wachimbuzi wa mambo ya kale, pamoja na vita na kuhamahama kwa biashara, ni kushuka kwa maji ya ardhini: kisima kilicho kando ya msikiti mkuu kinaonyesha dalili za kuchimbwa tena ili kifuate maji yaliyokuwa yakienda chini. Nimesimama ukingoni mwa kisima hicho mara kadhaa. Kama ningeambiwa nichague mahali pa kumfundisha mtoto maana ya maji kwisha, ningempeleka pale kabla ya ukumbi wowote wenye skrini, kwa sababu misikiti, kasri na nyumba zimesimama bado na wenyewe hawapo.

Sasa nije kwenye hesabu, maana jengo halisimami kwa kumbukumbu za utotoni. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Kanuni hii peke yake ingefaa kuchongwa mlangoni. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Tuchukue jengo la wageni lenye paa la mita 400 za mraba: mvua ya mwaka mzima italipatia lita 400,000, na tukitoa sehemu moja katika tano kwa ajili ya maji yanayorukia nje, yanayokaukia juu ya paa, na yale ya mwanzo ambayo lazima yamwagwe, zitabaki lita 320,000. Ukizigawa kwa siku 365 unapata takriban lita 877 kwa siku, sawa na mitungi 44 hivi. Jengo likipokea wageni 150 kwa siku, kila mmoja akaenda msalani mara moja na kuvuta maji lita 6, hizo tayari ni lita 900, na hakuna aliyenawa mikono wala aliyekunywa. Nikisema tangi la choo la zamani linameza lita 9 au zaidi kila likivutwa, msomaji ataona mwenyewe maji yetu yanapokwenda.

Vyoo vikiwa vya vitufe viwili, lita 3 kwa haja ndogo na lita 6 kwa kubwa, na theluthi mbili ya wageni wakabonyeza kile kidogo, matumizi hushuka hadi lita 600. Kila mgeni akinawa kwa lita moja, zinabaki lita 127 za kunywa na kupiga deki, na maji yale ya kunawia yakipitishwa kwenye chujio la mchanga na kokoto na kurudishwa kwenye matangi ya vyoo, mnapata nafuu ya lita 150 nyingine. Hesabu inaanza kukubali, ingawa kwa shida. Shida hiyo hiyo ndiyo ningependa mgeni aione, badala ya kuambiwa kwamba teknolojia imemaliza kila kitu.

Tatizo la pili ni kwamba mvua haiji kwa awamu sawa kama mshahara. Mei inatufurikisha, vuli inaongeza kidogo, halafu kuanzia Januari hadi katikati ya Machi mbingu hukauka. Kuvuka kiangazi hicho, tukiongeza siku za tahadhari hadi zifike 100, kwa lita 877 kila siku kunahitaji akiba ya karibu lita 88,000, na akiba hiyo ni chumba cha urefu wa mita 6, upana wa mita 5 na kina cha mita 3. Hapa ndipo wachoraji wengi hukata tamaa, wakaweka matangi mawili ya plastiki nyuma ya jengo, wakayapanda maua mbele yake yasionekane. Mimi ningelifanya tangi hilo kuwa moyo wa jengo. Lichimbwe chini ya ua wa katikati, paa liinamie ndani badala ya nje, na wageni wapokelewe juu ya tangi, ili mvua ikinyesha wasimame kwenye baraza wakiyatazama maji yakishuka kutoka pande zote nne.

Wazo hili si ndoto yangu. Shule ya Msingi ya Uaso Nyiro huko Laikipia, mahali pakavu kuliko Mombasa, ilijengewa mwaka 2012 jengo la madarasa lenye mpango wa namna hiyo, paa likikusanya mvua na kuipeleka kwenye tangi la takriban lita 150,000 katikati, na mwaka uliofuata Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani likalitambua kuwa shule ya kijani, yaani ya kutunza mazingira, kupita zote duniani. Mwanafunzi wa pale anasomea hesabu juu ya maji atakayokunywa adhuhuri.

Kwa upande wa pili wa dunia, mjini Seattle, lipo jengo la ofisi la ghorofa sita liitwalo Bullitt Center, lililofunguliwa Aprili 22, 2013, lenye tangi la mvua la zaidi ya lita 200,000 na milango iliyo wazi kwa wageni wanaokuja kujifunza. Nalitaja kwa sababu ya mambo yaliyolishinda. Kibali cha kunywa maji yake ya mvua kilichukua miaka kupatikana, na vyoo vyake vya mboji, yaani vya kugeuza kinyesi kuwa mbolea, ambavyo vilisifiwa sana mwanzoni, viliwasumbua watunzaji kiasi kwamba hatimaye viling'olewa na kuwekwa vingine vinavyotumia maji kidogo sana. Wenyewe walilisema hadharani. Sijui ni majengo mangapi ya maonyesho hapa kwetu ambayo yangekuwa na moyo wa kumwambia mgeni, "Hapa tulikosea."

Ningeomba pia wachoraji wasidharau vitu vidogo visivyo na umeme. Ile fimbo ya mjomba inaweza kufanywa kubwa: boya lielee ndani ya tangi, lifungwe kamba, kamba ipite juu ya kapi, na upande wa pili lining'inie jiwe kwenye ukuta wa nje unaotazamana na barabara. Maji yakishuka, boya hushuka nayo na jiwe hupanda. Maji yakijaa, jiwe hushuka hadi karibu na ardhi. Ukutani zichorwe alama za siku zilizobaki, kwa tarakimu kubwa, ili hata kondakta wa matatu apitaye aone kwamba jengo lina maji ya siku 40 au ya siku 9. Kitu hiki fundi wa mtaani anakitengeneza kwa siku mbili, nacho hakihitaji nywila.

Kwenye gata inayokinga maji ya paa, maji ya mwanzo ya kila mvua yaingizwe katika bomba la kioo au la plastiki inayoonyesha ndani, lisimame wima penye kupita watu. Paa la Mombasa lina vumbi, lina majani ya mwarobaini, na lina kunguru, nadhani nimeeleweka. Mgeni akiona uchafu ulivyotulia chini ya bomba lile na maji safi yakigeuka kuelekea tangini, hatauliza tena kwa nini mvua ya kwanza humwagwa.

Mahali pa kunawia ningeweka beseni la kioo chini ya kila mfereji, lenye mistari ya vibaba. Sisi Waislamu tunayo Hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo kwa vipimo vyetu ni karibu na kibaba kimoja, na akioga kwa pishi, yaani vibaba vinne, au akizidisha kidogo. Kibaba hakifiki lita moja. Mtu mzima mwenye ndevu za mvi kama zangu akitawadha kwenye mfereji wazi kisha akayatazama maji yaliyokusanyika chini yake, vibaba saba, vibaba kumi, hatahitaji mwongozaji wa kumwambia neno. Na asiye Mwislamu atajua kwamba kuna mtu aliyewahi kujipimia. Vile vile, ikiwa jengo ni lazima liwe na kiyoyozi, yale maji yanayodondoka kutoka kwenye mashine, ambayo mjini hutuangukia utosini tukipita kando ya maduka, yaelekezwe kwenye mtungi ulio wazi. Kwa unyevu wa hewa ya Pwani, wageni watashangaa unavyojaa. Ingawa kusema kweli kuta nene za mawe, dari ndefu na upepo wa kusi vingetosha.

Nategemea kuna watakaosema kwamba kuvuna mvua ni mzigo wanaotwikwa wananchi ili serikali ikwepe wajibu. Wana haki ya kushuku. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na jengo moja la mfano halitatimiza haki hiyo kwa mji wa Mombasa, ambao kwa miongo mingi umekuwa ukitegemea maji ya mbali: chemchemi za Mzima, kilomita zaidi ya 200 bara, Baricho kule Kilifi, Marere na Tiwi kule Kwale. Bwawa la Mwache, linalokusudiwa kuongeza maji ya Mombasa, lijengwe hadi likamilike. Lakini maji yatakapofika yatapita katika mifereji ile ile inayodondoka, mbele ya watu wale wale ambao hawajawahi kuonyeshwa yanakotoka. Watoto wanaozuru Mzima wanaweza kuketi katika kile chumba kilichozamishwa ndani ya chemchemi na kuwatazama samaki kupitia dirishani. Mtoto wa Mombasa anayekunywa maji hayo hayo huyajua kwa sauti ya honi ya lori.

Limebaki jambo la utunzaji, ambalo naliogopa kuliko yote. Gata ikiziba kwa majani wiki moja ya Mei, sehemu kubwa ya akiba imekwenda. Chujio lisipooshwa, vyoo vitanuka, na jengo la somo litakuwa kichekesho. Kwa hiyo katika bajeti ya ujenzi pawe na mshahara wa mtu mmoja ambaye kazi yake ni maji tu: afagie paa kabla ya masika, asafishe gata, abadilishe washa za mifereji, vile vipete vya mpira vya kuzuia maji yasidondoke, ashuke tangini kulisugua wakati wa kiangazi, na aandike katika daftari lililo wazi mapokezini kiasi kilichoingia, kilichotumika na kilichopotea, pamoja na sababu yake. Asiwe kijana wa kujitolea anayebadilishwa kila miezi mitatu. Washa ya mfereji ni shilingi chache tu, na kwa kukosa washa hiyo ndiyo chupa ya mtoto ilijaa.

Ninayo michoro ya jabia moja la zamani, niliyoipima kwa kamba pamoja na marehemu mjomba wangu kabla sakafu yake haijapasuka: mwinamo wa sakafu, unene wa kuta, kina, na jinsi tundu la kuingilia lilivyozuiliwa mchanga. Mchora ramani yeyote aliyepewa kazi ya jengo kama hili, awe wa kaunti, wa makumbusho au wa hoteli, nitampa nakala bila malipo, mradi anikubalie jiwe langu lining'inie upande wa barabarani.

Wako mwaminifu,
Mwashi mstaafu,
Kisauni, Mombasa